Brosha ya A4 ya mikunjo miwili kwa kikundi cha wakulima wa mwani: tuanzie wapi isije kuharibikia kwa mpiga chapa?

Sanifu_MwakaWaPili

Habari za humu wakuu. Tuko watano, mwaka wa pili, usanifu wa michoro. Kazi ya muhula ni brosha ya mteja halisi: kikundi cha kina mama wanaolima mwani wilayani Bagamoyo. Wanauza mwani mkavu, unga wa mwani na sabuni. Wanataka pia wageni wanaokuja kuona magofu ya Kaole wapite kwao, watembezwe shambani.

Nakala ni 500, muda wiki tano. Tulicho nacho ni picha 40 tulizotumiwa WhatsApp, nembo iliyobandikwa kwenye faili la Word, na maelezo ya kurasa tatu yaliyoandikwa kwa mkono. Mteja anataka Kiswahili na Kiingereza.

Maswali: paneli zote ziwe sawa? Canva inatosha? Lugha mbili zikae vipi? Karatasi gani?

---

FundiPleti

Paneli zisiwe sawa. Hapo ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibika. A4 iliyolala ina milimita 297. Ukigawa kwa tatu unapata 99, na ile paneli inayoingia ndani itagota kwenye mkunjo na kututumka. Ipunguze: 100, 100, 97.

Jambo la pili ni mpangilio wa pande mbili, maana upande mmoja ni kioo cha mwingine. Upande wa nje, kutoka kushoto: paneli ya kuingia ndani 97, mgongo 100, jalada 100. Upande wa ndani, kutoka kushoto: 100, 100, 97. Ukinakili mistari ya mwongozo ya nje ukaibandika ndani, mikunjo ya upande mmoja itapita milimita 3 kando ya mahali pake, na maneno yatakunjwa katikati.

Ongeza blidi (rangi au picha inayozidi mstari wa kukatia) ya milimita 3 kila upande, faili liwe 303 kwa 216. Maandishi yakae angalau milimita 5 kutoka ukingo na kutoka mkunjo. Mimi huona 7 ndiyo salama, kwa sababu mashine ya kukatia haikati karatasi moja moja, inakata rundo, na za chini husogea kidogo.

Kabla hamjafungua kompyuta, chukueni A4 tupu, mpige rula, mkunje, mwandike kwa kalamu "jalada", "mgongo", "hii inafunguka ya pili". Hicho kikaratasi kibaki mezani mpaka siku ya kuchapa. Mkija kutoa nakala ya majaribio kwenye printa ya ofisi, chagueni asilimia 100, si "kutosha kwenye ukurasa", na karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi. Vinginevyo upande wa pili utatoka kichwa chini.

---

Mhariri_wa_Pwani

Nyongeza upande wa maneno, maana kurasa tatu za mkono hazitaingia. Brosha ya ukubwa huu ikitumia herufi za pointi 10 na picha za kutosha inabeba maneno 350 hadi 450. Zaidi ya hapo mtaanza kupunguza herufi hadi 8, na mnunuzi mwenye miaka 55 ataishia kwenye jalada.

Kabla ya kufupisha, muulizeni mteja swali moja tu: mtu akishamaliza kuisoma, afanye nini? Kwenu nyie naona majibu mawili yanayogombana. Mnunuzi wa sabuni anatakiwa kupiga simu au kufika dukani. Mgeni wa Kaole anatakiwa kufika shambani siku na saa fulani. Kikundi kichague lipi linakaa kwenye jalada. Lingine lipewe paneli moja ya ndani.

Kuna makosa ambayo hakuna programu itakayowaonya:

Saa. "Tunafungua saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni" kwa Kiingereza ni 9:00 am hadi 4:00 pm. Mwanafunzi mwenye haraka huhamisha namba zilivyo, na mgeni akafika usiku wa manane kwenye karatasi.

Ziara ya shambani. Msiandike "kila siku". Shamba la mwani linatembelewa maji yakitoka vizuri, yaani siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu mgeni ataonyeshwa bahari tu. Andikeni "piga simu kwanza, tutakupangia kwa kufuata maji", halafu namba.

Sabuni. Nina hakika ndani ya zile kurasa tatu mna "inatibu chunusi, fangasi na ukurutu". Toeni. Neno "inatibu" linaigeuza sabuni kuwa dawa, na dawa iko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vipodozi vilihamishiwa TBS, Shirika la Viwango, mwaka 2019. Semeni imetengenezwa kwa nini, ina uzito gani, inasafisha. Alama ya ubora ya TBS nayo msiiweke mpaka mwone leseni yao kwa macho. "Tumeshaomba" si leseni.

Bei msiziweke kabisa. Mafuta ya nazi yakipanda, nakala 400 zilizobaki zinakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Tengenezeni kipande tofauti cha bei, robo ya A4, rangi nyeusi tu, ambacho kikundi kinaweza kukitoa chenyewe stesheneri yoyote.

---

Sanifu_MwakaWaPili

Shukrani wakuu. Kweli "inatibu" ipo, mara nne. Na picha je? Nyingi zinaonekana safi kwenye simu.

---

FundiPleti

Kwenye simu kila picha ni safi. Pigeni hesabu. Picha iliyopita WhatsApp kwa kawaida hubaki na pikseli 1600 hivi upande mrefu. Kwa kipimo cha kuchapia cha pikseli 300 kwa inchi, hizo ni sentimita 13.5. Kwa picha ndogo ya ndani inatosha, ingawa mbano wa faili umeshakula ngozi za watu na mawimbi. Kwa jalada haitoshi: jalada lenye blidi lina urefu wa milimita 216, linataka pikseli kama 2,550. Ile ya 1600 itashuka hadi 188 kwa inchi, na kamba za mwani zitaonekana kama uji.

Mwombeni aliyepiga atume tena kama faili la hati, si kama picha. Ikiwa ameshazifuta, nendeni mkapige upya siku ya bamvua.

Nembo ya kwenye Word: badilisheni mwisho wa jina la faili kutoka docx kuwa zip, lifungueni, mtaikuta picha kwenye kabrasha la media. Mara nyingi ni kubwa kuliko inavyoonekana ukurasani. Lakini nembo ni vyema mkaichora upya kwa mistari kwenye Inkscape, programu ya kuchorea. Ni kazi ya saa moja, na kikundi kitaitumia hadi kwenye fulana.

---

Mhariri_wa_Pwani

Na ruhusa. Kila mama anayetambulika usoni asaini kwamba picha yake itachapwa, itumike wapi, kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mwenyekiti hana mamlaka ya kuwakubalia wenzake sura zao. Mtoto akionekana, mzazi ndiye asaini. Karatasi moja yenye picha ndogo ndogo na mstari wa sahihi pembeni inamaliza kazi.

---

Mchapaji_Kkoo

Nijibu la lugha mbili, maana hapo pana pesa.

Kuzibana lugha mbili kwenye A4 moja kunaiachia kila lugha maneno 200 hivi. Fanyeni matoleo mawili, picha zilezile mahali palepale, maandishi yabadilike. Mkichapa ofseti, yaani kwa pleti (mabati ya kuchapia, moja kwa kila rangi), kuna njia ya kupunguza pleti. Maandishi yote yawe nyeusi tupu: K (nyeusi) asilimia 100, C, M na Y (samawati, majenta na njano) sifuri. Hapo rangi tatu zinabaki zilezile kwa lugha zote mbili, na pleti ya nyeusi peke yake ndiyo inabadilishwa.

Na pande mbili za brosha zipangwe ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja ya SRA3, milimita 450 kwa 320. Mbili zenye blidi zinachukua 432 kwa 303, zinaingia. Karatasi inapita mara ya kwanza, inageuzwa, inapita tena kwa pleti zilezile. Kila karatasi ikikatwa inatoa brosha mbili kamili. Jumla ni pleti tano kwa lugha mbili, badala ya 16 kama mngechapa kila upande wa kila lugha kivyake. Kwa nakala 500 ni karatasi 250, jumlisha za kutengea rangi. Mkiambiwa 50 hadi 100 zinapotea msishangae.

Masharti yake: vichwa vya habari visiwe vya rangi, na msiweke maandishi meupe ndani ya picha, kwa sababu hayo yanatobolewa kwenye pleti zote nne. Picha nazo zisisogee hata milimita, maana nyeusi ya picha iko kwenye pleti hiyohiyo inayobadilishwa.

Kuhusu Canva: ya bure inatoa PDF ya RGB, yaani rangi za skrini. Nyeusi yenu itavunjwa kuwa mchanganyiko wa rangi nne, na pleti zikipishana kidogo herufi za pointi 10 zinakuwa na kivuli chekundu. Chorea wazo lako Canva ukitaka, lakini faili la kuchapa lipangwe Scribus. Ni programu ya bure ya kupanga kurasa na inaelewa CMYK, zile rangi nne za wino. Buluu ya bahari na kijani kile cha kung'aa vitafifia, huo ni ukomo wa wino, haukwepeki. Mwonyesheni mteja nakala ya karatasi, si skrini, asije akadai rangi ambayo wino hauna.

Karatasi: gramu 130 au 150 ya kung'aa. Zaidi ya 170 lazima ipigwe mfuo (mstari wa kukunjia uliobonyezwa) kabla ya kukunjwa, la sivyo mkunjo unapasuka. Nyuzi za karatasi ziende sambamba na mikunjo. Kujua mwelekeo, kata kipande cha mraba, lowesha uso mmoja: kitajikunja kama bomba, na bomba hilo linalala kufuata nyuzi. Kwa mpangilio niliosema, nyuzi zifuate ule upande wa 450.

---

KunjaKunja

Nampinga kidogo Mchapaji. Hesabu ya pleti ni sahihi, lakini kwa nakala 500, tena za wanafunzi watakaogundua kosa usiku wa mwisho, mimi ningekwenda dijitali. Hakuna pleti, unachapa 300 za Kiswahili na 200 za Kiingereza, vichwa viwe vya rangi upendavyo. Na unaweza kuchapa 20 kwanza, ukazigawa, ukasahihisha.

Ubaya wake: tona (unga wa rangi wa mashine hizo) inakaa juu ya karatasi, haiingii ndani kama wino, kwa hiyo rangi nzito ikipita juu ya mkunjo inachubuka na kuacha mstari mweupe. Na mashine hizi hupishanisha mbele na nyuma kwa milimita moja au zaidi. Usiweke mpaka wa rangi mbili juu ya mkunjo kabisa. Acha rangi moja ivuke, au acha pawe peupe.

---

Mchapaji_Kkoo

Kwa 500, sawa, nakubali. Ikifika 2,000 tutarudi kwangu. Omba bei za njia zote mbili kwa faili lilelile, na uulize kama kukunja kumo ndani ya bei au ni juu yenu. Kukunja 500 kwa mkono ni jioni nzima ya watu watano, na zile 100 za mwisho hazitakuwa nzuri.

---

Sanifu_MwakaWaPili

Tunaelekea dijitali basi. Swali la mwisho: marekebisho. Kila mwanakikundi anatutumia ya kwake, na yanapingana.

---

Mhariri_wa_Pwani

Mteja ateue mtu mmoja, katibu kwa mfano, akusanye ya wote na kuwaletea karatasi moja. Raundi mbili. Semeni hivyo kabla ya kuanza, kwa maandishi. Wiki ya kwanza maneno yakubaliwe bila mchoro wowote, yapigwe chapa tu, maana watu wakishaona rangi hawasomi tena. Nyie gawaneni: mmoja tu ndiye anashika faili, mwingine anashika maneno.

Maandishi yapangwe kushoto, yasinyooshwe pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu, "wanaowatembelea" kwenye safu nyembamba itaacha mapengo kama meno ya mtoto. Zimeni ukataji wa maneno wa Kiingereza, huwa unakata "mwan-achama" pasipo mahali. Na hakikisheni alama ya ng' ni moja brosha nzima, si hapa imenyooka na pale imepinda.

Siku ya kusaini, katibu asome nakala iliyokunjwa, kwa sauti. Kila namba ya simu ipigwe palepale. Lipa namba iingizwe kwenye simu mpaka jina la kikundi litokee, kisha mkatishe.

---

KunjaKunja

Mkiweka msimbo wa QR, usipungue sentimita 2, mweusi juu ya nyeupe, na nafasi tupu kuuzunguka. Uwe ule wa kudumu, wenye anwani yenyewe ndani. Ile ya tovuti za majaribio ya bure hupitia kwao kwanza, na muda ukiisha inakufa huku brosha bado ziko kaunta.

Mwisho, faili la Scribus, fonti, picha asilia na PDF vyote viwe kwenye flashi ya kikundi na kwenye barua pepe ya kikundi, si ya mmoja wenu. Mwakani mtakuwa mafunzo ya vitendo mikoani, na namba ya simu ya katibu itakuwa imebadilika.