Visanduku vya skrubu na nati: tunauziwa idadi ya vyumba, mali inachanganyika ndani

Wakuu, naomba hili tulizungumze kwa uzito wake, maana nimechoka. Kila kisanduku cha kuhifadhia skrubu, nati, washa (vile vipete vya chuma vya chini ya nati) na riveti kinajinadi kwa jambo moja tu: idadi ya vyumba. Vyumba 18, vyumba 24, vyumba 36, kwa herufi kubwa usoni. Jambo analolitaka fundi, yaani kitu alichokiweka chumba hiki akikute chumba hikihiki kesho, halijaandikwa popote. Ukikibeba kisanduku chenyewe kutoka benchi moja hadi jingine ndipo unajua kwa nini halikuandikwa.

Chukua kisanduku chochote chenye vigawanyo vya kuchomoa. Inama utazame pale kigawanyo kinapokutana na sakafu. Kuna upenyo. Ni kama milimita moja hivi, na muuzaji atakwambia hiyo si kitu. Sasa chukua vernia, kile kifaa cha kupimia unene, upime washa zako. Washa bapa ya kawaida ya M3, yaani ya skrubu yenye kipenyo cha milimita 3, ina unene wa milimita 0.5. Ya M4 ni 0.8. Ya M5 ni 1.0. Zote hizo zinalala chali, zinateleza, zinapita chini ya ukuta bila kizuizi. Unatikisa kisanduku kidogo tu na washa za M3 zimeshahamia kwa M4, na za M4 zimekwenda kwa nati za nailoni. Halafu tazama mifereji inayoshika kigawanyo pembeni: ni mipana kuliko kigawanyo chenyewe, kwa hiyo kinacheza. Ukiingiza vidole viwili kuchota nati, kigawanyo kinapanda juu pamoja na mkono wako, na vyumba viwili vinakuwa kimoja palepale mbele ya macho yako.

Kifuniko ndicho kinachonikasirisha zaidi. Mtengenezaji ameweka mpini ubavuni ili ukibebe kwa mkono mmoja. Maana yake amekubali mwenyewe kwamba kitasimama wima kikiwa na mali ndani. Kikisimama wima, kinachozuia skrubu za chumba cha juu zisimwagikie cha chini ni kuta zilizo kati yake na kifuniko kilichozikandamiza kuta hizo. Lakini kifuniko hakizigusi! Pembeni kinagusa, pale vibano vinapokivuta. Katikati kimebinuka, na mwanya huo ndiyo njia ya kila kitu kidogo kilichomo. Unafika kazini, unakilaza, unakifungua, na spring washa zimeshikana na riveti, skrubu fupi za mbao zimelala juu ya nati.

Jaribio lake ni jepesi na halihitaji kifaa. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uweke juu ya ukuta wa katikati kabisa, upenyeze ncha nje, funga kifuniko na vibano vyote, kisha uvute. Ukitoka wenyewe bila kukwama, kisanduku hicho hakifai kubebwa wima. Usijaribie pembeni, pembeni vingi vinafaulu. Jaribia katikati. Na ufanye hivyo kabla hujalipa, muuzaji anune asinune.

Najua kuna watakaosema huo ni usumbufu mdogo, mtu akae achambue basi. Hapana. Bolti za M8 za daraja la uimara 8.8 na za daraja 12.9, ukiondoa namba iliyopigwa kichwani, zinafanana. Ya kwanza ikivutwa inakatika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 800 hivi, ya pili 1200. Na chini ya M5 mara nyingi hakuna alama yoyote kichwani, kwa hiyo zikishachanganyika huna tena pa kuzitambulia. Wanaofanya kazi na mashine za vipimo vya milimita na za inchi kwa pamoja wana balaa lao: bolti ya inchi namba 10 yenye meno 32 kwa inchi ina kipenyo cha milimita 4.83 na hatua ya meno, yaani umbali wa jino hadi jino, ya 0.79. M5 ya kawaida ina kipenyo cha 5 na hatua ya 0.8. Kwa jicho huwezi kuzitenganisha. Ile ya inchi inaingia kwenye nati ya M5 kwa raha kabisa, inazunguka, unaona imekaa, kumbe meno hayashiki kwa kina chake chote. Ukigeuza, ukaingiza M5 kwenye nati ya inchi, inakaza njiani, unaongeza nguvu ukidhani ni uchafu, na meno yanaliwa. Mtu aliyezitenga tangu mwanzo, kila moja na chumba chake, anaharibikiwa kazi kwa sababu ya mwanya wa kifuniko. Kisanduku kinachochanganya ni kibaya kuliko kutokuwa na kisanduku, kwa sababu unakiamini. Unachota pale palipoandikwa M5 na hukagui.

Halafu hiyo idadi ya vyumba yenyewe. Fungua kile cha vyumba 36 upime. Vingi ni vishimo ambavyo skrubu ya milimita 50 hailali, inasimama mshazari na kuzuia kifuniko kufunga. Ukichomoa vigawanyo ili ilale, umebaki na nusu ya vyumba ulivyolipia. Vipimo vilivyoandikwa nje ni vya nje, pamoja na mpini na vibano. Kina cha ndani, ambacho ndicho kinaamua kipi kitaingia, hawakitaji. Na kona za chini ni za mraba. Nati ya M3 ina upana wa milimita 5.5 na kimo cha 2.4. Ikijibanza kwenye kona ya mraba kidole hakiingii, unabaki kugeuza kisanduku kizima juu chini ili upate nati moja. Chumba chenye sakafu iliyopinda hukuruhusu kuikokota nati ukutani kwa ncha ya kidole hadi ikatoka. Kupinda kwa sakafu ni suala la kalibu tu, lile umbo la kumiminia plastiki, na kalibu inatengenezwa mara moja. Hawafanyi.

Uzito nao hawauhesabu. Chuma kina kilo 7.85 kwa lita. Hata nusu ya nafasi ikiwa ni hewa kati ya skrubu na skrubu, unabaki na karibu kilo 4 kwa kila lita. Kisanduku chenye lita 5 ndani, ukikijaza nusu tu, kina kilo 10 hivi. Kilo 10 zinaning'inia kwenye mpini wa plastiki na vibano viwili vyembamba! Kibano kimoja kikiachia ukiwa juu ya ngazi, aliye chini yako ndiye atakayejua.

Plastiki yenyewe igeuzeni muisome chini. Kuna pembetatu yenye namba. Namba 6 ni polistirini, ile angavu inayopendeza dukani. Ni ngumu lakini dhaifu kwa kishindo, inapasuka kwenye kona ikianguka, na petroli au thina ikiigusa inaharibika. Karakana gani haina petroli wala thina? Namba 5 ni polipropilini, ina ukungu kidogo, haipendezi, lakini inastahimili mafuta na grisi na haivunjiki kirahisi. Kama bawaba ni mkunjo mwembamba wa plastiki yenyewe, basi lazima iwe polipropilini. Mkunjo wa aina hiyo kwenye plastiki ngumu utakatika tu, ni suala la muda. Polikaboneti ni angavu na inavumilia kipigo kweli, lakini asetoni na dawa ya kusafishia breki huipasua, na imewekwa ndani ya namba 7 pamoja na plastiki nyingine kibao, kwa hiyo namba peke yake haikwambii kitu. Mtengenezaji anajua ametumia nini. Aandike.

Droo ndogo za kutundika ukutani sitazisema sana. Hazichanganyi mali kwa sababu hazibebwi, hilo nakubali. Ila droo isiyo na kizuizi cha nyuma, inayochomoka mzima mzima ukiivuta kwa haraka na kukumwagia skrubu zote miguuni, haikupaswa kutoka kiwandani.

La mwisho ni vipimo. Makreti makubwa ya mizigo yalishapata utaratibu: milimita 600 kwa 400, na 400 kwa 300, yanakaa sawasawa juu ya paleti ya 1200 kwa 800, na kreti la kiwanda hiki linapandana na la kiwanda kile. Visanduku vya skrubu? Kila mmoja na umbo lake. Unanunua leo vinavyopandana vizuri, ukirudi kuongeza unakuta toleo lile limeondolewa, jipya lina ukingo tofauti na halikai juu ya la zamani. Kama mtu amepanga rafu nzima kwa kipimo kimoja afanyeje, atupe vyote? Mwaka 2022 Zack Freedman, mtengeneza video wa YouTube, alitoa mfumo wake wa Gridfinity bure, vikombe vya kuchapa kwa printa ya 3D, vyote kwa gridi ya milimita 42 na kimo kinachopanda kwa hatua za 7. Mtu na kamera yake ameweza kutangaza kipimo na kukisimamia. Viwanda vyenye wahandisi vinashindwa nini?

Kwa sasa mimi sinunui tena chenye vigawanyo vya kuchomoa kwa vitu vidogo. Nachukua chenye vikombe vya kutoa, kila kikombe na sakafu yake na kuta zake nne. Chini hakuna upenyo kwa sababu hakuna kigawanyo. Unakitoa kikombe kizima, unakiweka kando ya kazi, ukimaliza unakirudisha. Lakini hata hivyo, kifuniko lazima kikandamize midomo ya vikombe, la sivyo tumerudi palepale. Vigawanyo naviachia bolti ndefu, M8 kwenda juu, na kisanduku kinacholala kwenye rafu bila kubebwa.

Na wale wanaosema tumieni makopo na chupa tupu: kopo halichanganyi, ni kweli, ila haliwekeki kwenye gari, na aina zikiongezeka benchi zima linakuwa makopo. Mtu anayelipia kisanduku ana haki ya kupata kisanduku.

Ninachotaka kutoka kwa wauzaji ni kina cha ndani, aina ya plastiki, uzito ambao mpini na vibano vinahimili, na neno moja kama kifuniko kinagusa kuta au hakigusi. Mwenye kisanduku kilichopita jaribio la karatasi katikati ya kifuniko, aweke hapa vipimo vya ndani na namba ya pembetatu, na picha ya ubavuni kikiwa kimefungwa.