Simu ya kudai deni wanayo, ya kuuliza kama mgonjwa yu hai hawana

Wakuu, heshima kwenu. Uzi mrefu, na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu wa mwisho, miaka 23, alikunywa sumu mwezi wa pili. Shemeji yenu ndiye aliyemkuta. Tukambeba kwenye bajaji saa saba usiku hadi hospitali moja ya rufaa hapa Dar. Sitaitaja, maana wakubwa zake watakimbilia kutafuta nani wa kumhamisha badala ya kusoma nilichoandika. Pale dharura walipambana. Wale vijana wa zamu hawakukaa chini mpaka alfajiri. Kwa hilo sina neno nao, Mungu awalipe.

Balaa lilikuja baada ya kupona sumu.

Siku ya pili kaja askari, kasimama kitandani na daftari. Kwa wasiojua, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya walikuwa na chao, cha 226, Mahakama Kuu ikakitupa Januari 2025. Sisi bado tunacho. Mdogo wangu si mjinga: tangu askari aondoke, kila daktari aliyemuuliza alijibiwa kwamba alidhani ni dawa ya kikohozi. Wakaandika hivyo hivyo. Mpaka nilipomvuta daktari mmoja koridoni nikamwambia ukweli ndipo mtu akakumbuka kwamba kuna kichwa juu ya lile tumbo walilolisafisha.

Siku ya nne akapewa ruhusa. Kwenye karatasi, mstari mmoja: "Aonwe kliniki ya akili." Lini? Chumba gani? Amwulizie nani? Hakuna. Na vidonge vya siku 14. Mfamasia wa mtaani kwetu ndiye aliyetufafanulia kwamba dawa za aina hiyo mtu huanza kuona nafuu baada ya wiki mbili hadi nne. Yaani zinakwisha ndiyo kwanza zinaanza kazi.

Nesi alituambia twende Jumanne. Tukaenda Jumanne, kumbe kliniki ni Alhamisi. Alhamisi daktari yuko semina. Alhamisi nyingine faili halionekani, eti la dharura linabaki dharura, fungueni jipya, na kama ni bima leteni rufaa. Rufaa! Kutoka jengo hili kwenda lile pale, hatua hamsini hazifiki, lazima kwanza urudi Mbagala ukagongewe muhuri kwenye kituo cha afya. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote huo. Akanishika mkono, "Dada, twende nyumbani bwana, mimi nimeshapona."

Hajapona. Amechoka tu kupangishwa foleni na watu wasiojua amefuata nini.

Sasa kinachoniuma hasa. Msiniambie hatuna uwezo. Uani mwa hospitali hiyo hiyo kuna CTC, kliniki ya wenye VVU. Mtu akipimwa akakutwa na VVU, anashikwa mkono mpaka dirishani, anapewa kadi yenye namba na tarehe ya kurudi. Akikosa tarehe anapigiwa simu, asipopokea anatafutwa na mhudumu wa jamii hadi mlangoni. Mgonjwa wa TB hali kadhalika. Mjamzito ana kadi, mtoto ana kadi, hata aliyevunjika mguu anaambiwa siku ya kuja kutolewa plasta. Aliyetaka kufa ndiye anayefunguliwa geti aende zake.

Na namba yangu ya simu waliiandika. Wamenipigia mara moja. Ilikuwa kuhusu salio la shilingi 38,000.

Wala sidai mashine wala jengo jipya. Shirika la Afya Duniani lilishalijaribu jambo hili kwenye vyumba vya dharura vya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliojaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kutoka, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa ndani ya miezi 18. Waliokufa kwa kujiua upande huo ni asilimia 0.2, upande wa pili asilimia 2.2. Matokeo yalitoka 2008! Simu tisa, wakuu. Mimi kampuni za mikopo zinanipigia tisa kwa siku moja.

Najua wapo watakaokuja na "mwombeeni" na "huyo karogwa". Mama ameshamaliza wachungaji wawili na shehe mmoja, hatujaacha kuomba. Vidonge vilivyobaki natembea navyo kwenye pochi, nampa kimoja kila jioni, usiku nalala mlango wazi nikisikiliza kama anakohoa.

Mwenye kujua kliniki yoyote Dar inayompokea mtu bila kumrudisha nyuma kutafuta muhuri, hata iwe ya kulipia kidogo, aniandikie hapa hapa wengine nao waone. Vimebaki vidonge vitatu.