Saa mbili au masaa mawili: tuandike lipi?

Mwalimu wa sekondari, Mkunazini:
Assalamu alaykum. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga mstari mwekundu kila mwanafunzi anapoandika "masaa mawili", kwa hoja ile ile tuliyofundishwa sote, kwamba saa ni nomino ya ngeli ya I-ZI na umbo lake halibadiliki katika wingi, kama zilivyo dakika, siku na wiki. Wiki iliyopita, bandarini Malindi hapa Unguja, nilianza kuitilia shaka kalamu yangu. Palibandikwa tangazo kwamba boti ya saa moja asubuhi ya kwenda Dar es Salaam "imeakhirishwa saa mbili". Kingeli, maneno hayo hayana kosa. Hata hivyo, baadhi ya abiria walifahamu kuwa boti ingeondoka saa mbili, na wengine, nikiwemo mimi, tulifahamu kuwa ingeondoka saa tatu. Lau aliyeandika angeandika "masaa mawili", ubishi usingekuwepo. Je, tusilikubali umbo hili angalau pale linapotaja muda?

Mchangiaji, Wete:
Wa alaykum salaam, Maalim. Kilichopungua katika tangazo lile ni kihusishi: "kwa saa mbili" ni muda, "hadi saa mbili" ni wakati. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu hutenganisha maana hizo bila ya kuazima neno jengine, kwani wakitaja wakati husema saa ya pili, na wakitaja muda husema saa mbili. Sisi njia hiyo hatukuifuata, lakini kwa na hadi tunazo. Tukiyaruhusu masaa, kesho tutaletewa madakika na mawiki. Madawa ya kulevya tumeshayazoea midomoni, ingawa mamlaka inayopambana nayo Tanzania Bara hujiita ya dawa za kulevya.

Mwalimu wa sekondari, Mkunazini:
Kuhusu kwa na hadi umenikinaisha, na ndivyo nitakavyosomesha. Madakika hayanitishi, maana hakuna anayeulizia wakati kwa kusema "dakika ngapi". Ni saa peke yake inayobeba wakati, muda, na hata chombo chenyewe cha ukutani. Ila kihusishi hakitufikishi kila pahala. Abiria anapouliza dirishani, "Safari ni saa ngapi?", karani amtajie wakati wa kuondoka au muda wa njiani? Siku ile nilimsikia bibi mmoja akiuliza, "Masaa mangapi mpaka Dar?", na karani akamjibu "mawili" bila ya kusita. Mwezi ujao wanafunzi wangu wataandika insha ya safari, na mstari mwekundu sijaamua kama nitaupiga.