Tupeane uzoefu: mdhamini wako wa viza ya kazi Uingereza alilipa nini, na wewe ulilipa nini?

Kiwanja Kimoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Juzi kijana wa nyumbani kanipigia kuniuliza COS, yaani hati ya udhamini ya kuombea viza ya kazi, inakwenda shilingi ngapi siku hizi, kama mtu anayeulizia gunia la mahindi. Nikashindwa kumgombeza, maana mimi mwenyewe niliinunua.

Naanza mimi. Novemba 2023, kazi ya kulea wazee majumbani kwao. Wakala akiwa Dar alinitajia milioni 18, "ya COS na usumbufu". Tukauza kiwanja cha Buhongwa, mama akakopa kikoba kujazia. Kwa msioijua, hiyo COS hata karatasi si karatasi. Mwajiri mwenye leseni ya udhamini anaingia kwenye mfumo wa Home Office (wizara yao ya mambo ya ndani), anajaza jina lako, kazi, mshahara na saa, inatoka namba. Wewe unaitumia kuomba viza ndani ya miezi mitatu, basi. Mwaka ule serikali ilimtoza mwajiri pauni 239 kwa namba moja. Milioni zangu 18 zilikuwa karibu pauni 6,000.

Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki, nikapewa 14. Saa moja asubuhi namvalisha mzee soksi zile ndefu za kubana, nusu saa, natoka. Mwingine yuko saa sita mchana, kumpashia supu. Hapo katikati hulipwi. Sina gari, kwa hiyo nilikuwa nakaa kituo cha basi na baridi ile, vidole vimekufa ganzi hata kufungua ratiba kwenye simu siwezi, nafungulia pua. Nikilalamika, meneja ana jibu moja tu: kumbuka nani kakudhamini.

Haya, leteni yenu. Majina ya kampuni acheni, semeni nani alilipa nini.

Nesi wa Mlimani

Pole sana ndugu yangu. Mimi nilitoka Kenya 2022, nesi, hospitali ya NHS, yaani ya serikali. COS walilipa, tikiti walilipa, mtihani wa vitendo wa manesi (OSCE) walilipa, nyumba ya mwezi wa kwanza pia wao. Mimi nililipa kipimo cha TB Nairobi, mtihani wa Kiingereza, na ada ya viza ambayo walinirudishia. Ile ada ya kutumia huduma za afya za huku inayowatoa wengine jasho, sisi wa viza ya afya tumesamehewa.

Lakini kamba ilikuwepo. Nikiondoka kabla ya miaka miwili narudisha sehemu ya gharama, na deni linapungua kadiri miezi inavyosonga. Nilikaa miaka miwili na siku tatu.

Siku Sitini

Mimi sikununua COS, na bado yalinikuta. Niliingia Mei 2024, miezi miwili baada ya sisi walezi kukatazwa kuja na mke na watoto, kwa hiyo nilikuja peke yangu. Kazi ilikuwa nzuri, mshahara unaingia. Asubuhi moja ofisi haifunguliwi, simu za meneja hazipokelewi. Leseni yao imefutwa. Kosa halikuwa langu, ila viza yangu ilikuwa imeegemea kwao.

Barua ya Home Office ikaja: siku 60. Upate mdhamini mwingine na uombe upya, au uondoke. Hii orodha ya wadhamini ipo wazi kwenye tovuti ya serikali, mtu yeyote anaishusha bure. Nikaifungua kwenye kompyuta ya maktaba, nikachuja mji kwa mji, nikawa napiga simu tu. Wengi wananiambia leseni tunayo ila nafasi za COS zimekwisha. Kumbe mwajiri anagawiwa idadi.

Kilichonisaidia ni kwamba tangu Aprili 2025 mwajiri wa England anayetaka mlezi lazima kwanza ajaribu kuchukua sisi tulioachwa na wadhamini. Siku ya 47 nikapata nyumba ya wazee. Na hapo usidhani unaanza kazi kesho yake. Unasubiri viza mpya itoke. Wiki tano nilikula kwa jamaa wa msikitini. Msaada wa serikali huna, imeandikwa kwenye viza yako.

Fundi Kodi

Upande wa ofisini nako si mchezo. Nilimaliza masters, nikapata kazi kwa ile viza ya miaka miwili baada ya chuo. Muda wa kudhaminiwa ulipofika, bosi akaniita na kikokotoo mezani. Kampuni kubwa ilikuwa inalipa pauni 1,000 kwa kila mwaka wa viza kama tozo ya ujuzi, ile serikali inayomtoza mwajiri akidhamini mgeni, COS yenyewe imepanda hadi 525 tangu Aprili 2025, na kima cha chini cha mshahara kimetoka 38,700 hadi 41,700 Julai hiyo. Mimi nilikuwa kwenye 36,000. Kwa mhitimu mpya kuna kipunguzo cha kima hicho, nikamchapia ukurasa wenyewe nikamwekea mezani. Akasoma, akakubali.

Mkuu Kiwanja, hiyo tozo ya ujuzi ni marufuku kumbebesha mfanyakazi. Na tangu mwisho wa 2024, hata ada ya COS na ya leseni.

Boksi la Ohio

Huku Marekani, kwa viza ya kazi ya H-1B, mwajiri anaweza kukupenda na bado bahati nasibu ikakukataa. Nafasi kwa mwaka ni 65,000, na 20,000 za wenye masters za huku. Mimi jina lilitoka mara ya tatu. Tangu Septemba 2025 wakaongeza dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje. Nawaonea huruma wanaokuja nyuma yetu.

Kijana wa Igoma

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliyempigia kaka Kiwanja. Wakala wangu anasema COS ya kulea wazee ipo, nimalizie kabla ya Krismasi.

Kiwanja Kimoja

Marahaba mdogo wangu. Mlango wa walezi kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wanaoweza kudhaminiwa ni waliomo humu tayari. Huyo anakuuzia nini?

Kijana wa Igoma

Nilishatoa milioni nne.

Siku Sitini

Risiti unayo? Nenda nayo polisi leo hii.

Kijana wa Igoma

Nilituma kwa simu. Namba ilikuja jina la mwanamke, akaniambia ni mke wake.