Masharti ya uzamili wa fizikia yanabadilishwa baada ya ada kulipwa: hadi lini?

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule ya upili hapa Mombasa. Nina shahada ya elimu katika sayansi, daraja la pili la juu, na niliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya fizikia katika chuo kikuu kimoja cha umma ambacho sitakitaja, kwa kuwa shauri langu bado liko mezani kwao. Tangazo lao lilisema kwamba anayestahili ni mwenye shahada ya sayansi katika fizikia, au mwenye shahada ya elimu katika sayansi ambaye fizikia ni mojawapo ya masomo yake ya kufundishia, mradi awe na daraja la pili la juu. Na kwamba mwenye daraja la pili la chini angefikiriwa iwapo ana uzoefu wa miaka 2 katika kazi inayohusiana na fizikia. Nikayasoma masharti hayo, nikajipima, nikaona ninayatimiza yote. Nikalipa ada ya maombi, ambayo hairudishwi, nikapeleka vyeti, transkripti na barua za wahadhiri walionifundisha, na baadaye nikapokea barua ya kukubaliwa ambayo haikuweka sharti lolote la ziada.

Nilipofika idarani kujisajili ndipo nikaambiwa, kwa mdomo tu, kwamba wenye shahada ya elimu hawaanzi moja kwa moja. Wanatakiwa kwanza kusoma yuniti za shahada ya kwanza kwa mwaka mzima: mekanika ya kwanta, nadharia ya sumakuumeme, mekanika ya takwimu na mbinu za hisabati katika fizikia. Kila yuniti inalipiwa kivyake, na haihesabiwi katika shahada ya uzamili yenyewe. Nikauliza sharti hilo limeandikwa wapi. Nikajibiwa kwamba ndivyo idara inavyofanya.

Naomba nieleweke vizuri. Sipingi kwamba uzamili wa fizikia unahitaji msingi imara, na ningekuwa wa kwanza kulalamika kama wangepokea kila anayebisha hodi. Mhadhiri wa uzamili anapoanza kufundisha sumakuumeme huwa amechukulia kwamba milinganyo ya Maxwell unaijua na unaweza kuitumia, na katika kwanta hana muda wa kukurudisha kwenye aljebra ya matrisi wala kukuonyesha upya jinsi mlinganyo wa Schrödinger unavyotatuliwa kwa atomu ya haidrojeni. Mwanafunzi asiye na mambo hayo ataumia, na kumfichia ukweli huo ni kumdhulumu. Mwenye pengo na ajaziwe pengo lake.

Lakini pengo hilo huonekana kwenye transkripti, na yangu haikufunguliwa. Yuniti za kwanta na sumakuumeme nilizisoma, na nilizisoma katika ukumbi mmoja na wanafunzi wa shahada ya sayansi, tukafundishwa na mhadhiri mmoja na tukafanya karatasi moja ya mtihani. Kati ya yuniti zote wanazodai, ile ya mekanika ya takwimu pekee ndiyo sikuisoma kikamilifu, na ningeisoma kwa moyo mkunjufu laiti wangeniambia mapema. Badala yake waliangalia jina la shahada lililoandikwa juu ya cheti, wakaona neno elimu, wakanihukumu kwa neno hilo. Halafu yupo kijana ambaye ana shahada kama yangu, na aliyeruhusiwa kuanza bila yuniti hata moja ya ziada. Simwonei wivu, na namtakia kila la heri. Ninachotaka kujua ni kipimo gani kilichotumika kwake ambacho hakikutumika kwangu.

Hili la uzoefu nalo linanichoma. Mwalimu mwenzangu mwenye daraja la pili la chini aliomba kupitia kifungu cha miaka 2. Amefundisha kidato cha 4 kwa muda mrefu kuliko huo, anaendesha maabara ya shule, na mada kama eksirei, athari ya fotoelektriki na unururifu ndiyo kazi yake ya kila mwaka. Wakamwambia kwamba kufundisha si uzoefu, na kwamba wanakubali maabara za utafiti au viwanda tu. Tangazo halikusema hivyo. Lilisema kazi inayohusiana na fizikia. Na haya yanafanyika katika mwambao huu huu ambao satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya. Mtu anayewafundisha watoto wa pwani eksirei ni nini anaambiwa kwamba kazi yake haihusiani na fizikia!

Mambo hayaishii mlangoni. Waliotangulia wananiambia kwamba walikamilisha yuniti za mwaka wa kwanza, wakaandika tasnifu, wakaitetea, na ndipo wakaelezwa kwamba hawataingia kwenye orodha ya mahafali mpaka wawe na makala iliyokubaliwa na jarida lenye wahakiki. Sharti lenyewe si baya, kwa kuwa utafiti usiosomwa na wengine hauna faida kubwa. Lakini uhakiki wa jarida huchukua miezi, na majarida mengine humtoza mwandishi ada, kwa hiyo sharti kama hilo linapaswa kuwa ndani ya barua ya kukubaliwa ili mtu apange utafiti wake akilijua. Mwalimu aliyeajiriwa huomba ruhusa ya masomo kulingana na muda ulioandikwa kwenye barua hiyo. Mwaka mmoja usiotajwa ukiongezwa mwanzoni na mwingine mwishoni, atailisha nini familia yake? Wenye uwezo wa kuhama wanahama. Wapo wanaoitazama Kigali, ambako tangu 2018 kuna taasisi ya fizikia iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia. Sisi wenye watoto shuleni na wazazi wa kutunza hapa Mombasa hatuwezi kuondoka hivi hivi.

Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la taarifa ndani ya siku 21. Nimewaandikia nikitumia vifungu vyote viwili. Nimeomba nakala ya kanuni za uzamili zilizopitishwa na seneti, nikaomba pia maelezo ya yuniti kwa yuniti yanayoonyesha kilichopungua kwenye transkripti yangu. Wakikaa kimya nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi huiita Ombudsman, na nakala kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kwa hiyo nawaomba mliopitia uzamili wa fizikia, au wa kemia na hisabati kama yaliwakuta hayo hayo: mlipodaiwa yuniti za ziada, je, mlipewa barua, au mliambiwa kwa mdomo tu? Na kama barua ipo, ilitaja kanuni gani? Ficheni majina na namba za usajili, kisha mwandike hapa maneno yenyewe yaliyotumika. Nataka kuyaambatisha kwenye malalamiko yangu, na aliye tayari kutia sahihi pamoja nami aniandikie ujumbe wa faragha.