Kumuuliza mzazi kama nyumbani kuna chakula, nyie mnafanyaje?

nesi_wa_mizani:
Habari zenu wakuu. Mimi ni nesi kliniki ya watoto, kazi yangu kupima uzito na kuchoma chanjo. Tumeletewa fomu ya maswali mawili tumuulize kila mzazi: kama ndani ya miezi 12 iliyopita waliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hawajapata hela ya kununua kingine, na la pili kama chakula kiliisha kweli na hela ya kuongeza haikuwepo. Majibu yake ni mara nyingi, mara mojamoja, au haijatokea. Sasa hii wiki ya pili nauliza na karibu wote wananiambia haijatokea, na wengine hapo naona kabisa kwa macho, mama gauni linamning'inia kuliko mwezi jana. Nauliza palepale kwenye mizani maana ndo naonana nao. Mwenzangu anasema tuachane nazo, tunaaibisha watu bure na hata wakikubali hatuna cha kuwapa. Niendelee au fomu zikalale droo?

dokta_wa_watoto:
Usizilaze droo dada. Hayo maswali Marekani wanayaita Hunger Vital Sign, yametolewa kwenye dodoso la maswali 18 la wizara yao ya kilimo, mtafiti Hager na wenzake wakayajaribu kwa familia zaidi ya elfu 30 zenye watoto wadogo na wakachapisha 2010. Katika familia 100 ambazo dodoso refu lingesema zina shida, haya mawili yanazinasa 97. Yanabeba pia wasiohusika, kama 17 katika kila 100 wasio na shida, ila hiyo bei ndogo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani tangu 2015 kinashauri yaulizwe kwenye ziara za kawaida za mtoto, siyo kwa yule unayemshuku tu.

Na hapo kwenye kushuku ndo wengi tunapotelezea. Mizani haikuambii. Chakula kikipungua anayeanza kupunguza sahani yake ni mkubwa, mtoto anakuja kuguswa mwisho kabisa, kwa hiyo grafu yake inaweza kuwa nzuri miezi na miezi huku mama analala na chai. Wengine wananenepa kabisa, maana hela ikiwa ndogo mtu ananunua kinachojaza tumbo. Damu inapungua na uzito uko palepale.

Kingine, msifupishe majibu yawe ndiyo na hapana. Kuna kliniki ilifanyiwa utafiti hivyo, wakapoteza karibu robo ya waliokuwa na shida. "Mara mojamoja" nayo ni jibu, ukiipata kwenye swali lolote kati ya hayo mawili hesabu kwamba ipo.

mama_wa_wawili:
Mimi naongea kutoka upande wa pili wa mizani. Niliulizwa hivyohivyo, nimembeba mdogo, mkubwa wa miaka sita amenishika sketi na nyuma yangu kuna jirani tunayechota naye maji. Nikajibu haijatokea, tena nikacheka kidogo. Wiki hiyohiyo nilikuwa nampa mdogo maziwa ya kopo nimeyapunguza, kopo linasema vijiko vinne mimi naweka viwili na maji yaleyale, chupa ikijaa inaonekana sawa tu. Ungetegemea niseme mbele ya nani? Na mtoto wa miaka sita anasikia kila kitu jamani, angeenda kusema shule.

Halafu kuna woga ambao nyie wa kliniki hamuujui, mtu anawaza wakiandika kwenye faili kwamba nyumbani hakuna chakula kesho wanakuja kuchukua watoto. Baadaye kliniki nyingine nilipewa karatasi nikakaa nayo peke yangu. Nikaweka tiki "mara mojamoja". Ukweli ilikuwa mara nyingi, ila hiyo niliiogopa.

mzee_wa_hoja:
Mimi nasimama na huyo mwenzako. Unamuuliza mtu mwenye njaa una njaa? akikubali unampa kipeperushi chenye namba ya simu. Hiyo ni kukusanya takwimu juu ya mgongo wa watu. Kama hamna pa kumpeleka nyamazeni.

dokta_wa_watoto:
Mzee nakuelewa, kipeperushi peke yake ni dharau, hapo huna mpinzani. Lakini soma tena alichosema mama hapo juu. Maziwa yakizidishiwa maji chumvi ya damu inashuka na mtoto mchanga anaweza kupata degedege. Nisipojua nitahangaika na vipimo, na nikijua naanzia kwenye kopo. Vilevile namwandikia mtu dawa "baada ya chakula" mara tatu, chakula chenyewe ni kimoja, anaruka dozi mbili halafu namgombeza. Jibu lina kazi hata kabla ya msaada wenyewe.

Msaada wenyewe nao, usimpe namba, mpigie simu afisa ustawi akiwa amekaa hapo. Na umuulize kwanza kama anataka, wapo wanaosema shida ninayo ila msaada sitaki, waheshimu, ziara ijayo unauliza tena.

nesi_wa_mizani:
Asanteni, mama wa wawili nisamehe kwa niaba yetu, sikuwahi kuwaza kuhusu mtoto anayesikia. Nimehamisha fomu, sasa nampa mzazi karatasi na kalamu mtoto akishachomwa chanjo na wanasubiri zile dakika 15 za kuangalia kama chanjo haijamdhuru, wamekaa mbalimbali, na juu nimeandika kwamba tunampa kila mtu na majibu ni kwa ajili ya matibabu ya mtoto. Asubuhi moja tu zimerudi tiki nyingi kuliko wiki mbili zote nilizouliza kwa mdomo. Kuna moja imenikaa, mtu ameweka tiki "mara nyingi" kote kuwili, halafu amekata kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka akaweka "haijatokea". Bado yuko benchi. Nihesabu ipi?

mama_wa_wawili:
Hesabu ya kwanza. Mwite ndani, mkubwa kama yupo abaki nje na mtu, anza kumuuliza mtoto ananyonya vipi na anakula nini. Hiyo fomu iache mezani kwako, usiingie nayo.