Binti yangu kavishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, hapa hapa Kampala

Wazazi wenzangu, usiku kucha sijalala.

Jana binti yangu karudi kutoka shule na mstari mwekundu shingoni. Nilidhani kapigana. Kumbe kashinda kavaa kibao chenye kamba ya katani, kile anachovishwa mtoto akisikika anasema lugha ya kwao. Ili ukivue, lazima umnase mwenzako akisema, umvishe yeye. Kengele ya jioni ikilia, aliye nacho anachapwa. Kosa lake alikuwa anafanya hesabu kwa sauti ya chini: saba mara nane, hamsini na sita. Jibu sahihi kabisa! Aliyekuwa na kibao akakimbia kumshtaki.

Tulitoka Kongo tukavuka mpaka wa Bunagana Juni 2022, vita vilipotufikia. Alikuwa na miaka tisa, anamalizia mwaka wa tatu, anasoma na kuandika vizuri. Kampala wakamrudisha darasa la kwanza kwa sababu hajui Kiingereza. Sasa ana miaka 12, yuko la nne, magoti yanagonga meza. Nilinyamaza. Rimu ya karatasi wakitaka napeleka, ufagio napeleka, pesa ya uji natoa kama mzazi mwingine yeyote.

Lakini mwaka huohuo watoto wa hapa walikuwa wametoka kukaa nyumbani tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, shule zimefungwa kwa korona, zikifunguliwa kidogo tu katikati, na wakapandishwa darasa. Ilikuwa haki, hawakuwa na kosa. Wangu ambaye hakukaa nyumbani muda mrefu namna hiyo ndiye aliyeshushwa. Mnieleze.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Hata kiti hakunipa. "Mama, ni sheria ya shule, hapa ni Kiingereza tu." Sheria ipi? Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipobadilishwa 2005. Julai 2022, sisi tuna mwezi tu tangu tuvuke mpaka, Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Kuchapa mtoto shuleni kumekatazwa na sheria ya watoto tangu 2016. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wangu elimu ya msingi sawasawa na mtoto wa raia. Yote nilimwambia. Akanijibu kama sikuridhika, shule za kulipia ziko nyingi. Mimi natembeza vitenge Nsambya, nikikosa mteja tunalala na chai.

Sikatai Kiingereza, ninataka akijue. Ila lugha haiingii kwa kamba shingoni. Na si sisi Wakongo tu: mtoto wa jirani yangu Mnubi, raia wa hapa, naye kakivaa, na yule Mkaramoja wa darasa lao. Hata watoto wa Kiganda wanavishwa, lakini wao wakitoka getini lugha yao inawangoja barabara nzima. Wangu anabeba aibu mpaka nyumbani.

Leo kagoma kwenda. Yuko kitandani, nikimwuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, ananitazama kama na mimi nitamshtaki.

Aliyewahi kupeleka kesi kama hii anisaidie: nianzie ofisi ya elimu ya divisheni, au kwa mwenyekiti wa kijiji? Nataka kile kibao kitolewe shuleni, na binti yangu apimwe upya kwa anachokijua.